Sultani wa Mwisho wa Granada

Ukijaaliwa kufika Granada, kusini mwa Uhispania, panda kilima mpaka Alhambra. Utaona majumba ya wafalme wa Kiislamu, bustani za Jannat al-Arif, na ua wenye simba 12 wa mawe wanaotoa maji. Ujenzi wake ulianza mwaka 1238. Tazama kuta: kila mahali imeandikwa kwamba hakuna mshindi ila Allah.

Humo ndimo alimolelewa Abu Abdillah Muhammad, ambaye Wahispania humwita Boabdil. Nyumba yao haikuwa na amani. Baba yake, Sultani Abul Hasan, alimpenda mno bi mdogo, na mama wa Abu Abdillah akahofia mwanawe atanyimwa kiti. Mwaka 1482 kijana huyu akampindua baba yake mzazi!

Mwaka uliofuata akatekwa vitani karibu na Lucena. Unajua alivyoachiwa? Alikubali kuwa chini ya Ferdinand na Isabella, awalipe kodi, tena akamtoa mwanawe mdogo awe rehani. Akarudi kupigana na baba, kisha na ami yake, az-Zaghal. Mwaka 1487 ami alipotoka kwenda kuokoa mji wa Velez-Malaga, Abu Abdillah akautwaa mji mkuu nyuma yake. Mwaka huo huo Malaga nayo ikaanguka. Adui alikuwa akichuma tu, kama embe zilizoiva.

Mwaka 1491 Granada ikazingirwa. Tarehe 2 Januari 1492 akakabidhi funguo. Mkataba uliwaahidi Waislamu dini yao na misikiti yao, lakini haikupita miaka 10 wakalazimishwa kubatizwa. Yeye alihamia Fas, Maghribi, mwaka 1493. Mwanahistoria al-Maqqari aliandika kwamba zaidi ya karne moja baadaye, kizazi chake kilikuwa kikiishi huko kwa sadaka.

Watu husimulia kwamba njiani aligeuka, akautazama mji na kulia, na mama yake akamkemea. Huenda ni hadithi tu. Lakini ugomvi wa nyumba ile si hadithi.

Basi kijana mwenzangu, Ramadhani hii, kuna ndugu, mzazi au ami ambaye hamsemeshani? Usingoje Idi. Mpigie leo, kabla ya futari.