Mpishi Aliyerudi Kulima Kogelo

Hapa Kisumu, katika mtaa wa Milimani, zingalipo nyumba ambazo wazee wetu hawakuziingia kwa mlango wa mbele. Zilijengwa kwa ajili ya maofisa wa serikali ya kikoloni, mahali palipoinuka penye upepo wa ziwa. Nyuma ya nyumba za namna hiyo hukosi kuona vyumba viwili vitatu vidogo, vyenye dirisha la kupitisha kichwa tu. Hivyo ndivyo vyumba vya boi na mpishi. Kila nipitapo huko jioni, hujiuliza ni nani aliyelala humo, na ni shamba la nani alilokuwa akiliota.

Mpishi mmoja tunamjua kwa jina, ingawa yeye alifanya kazi zaidi Nairobi. Ni Hussein Onyango Obama. Nikilitaja jina hili mbele ya wanafunzi, mikono huinuka upesi na jibu huwa moja: huyo ni babu yake Rais wa Marekani. Sawa kabisa. Lakini mzee huyu alifariki mwaka 1979, na mjukuu wake akaapishwa tarehe 20 Januari 2009. Wawili hao hawakupata kuonana. Kumweleza mtu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliona wala hakuliwazia ni kumpunja. Ningependa leo tumtazame kama alivyojitazama mwenyewe, yaani mwanamume wa Kijaluo aliyetaka shamba lake na boma lake.

Alizaliwa karibu mwaka 1895 huko Kanyadhiang, jirani na Kendu Bay, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam. Hata hivyo chimbuko la ukoo wake halikuwa hapo. Wazee wake walikuwa wamehama kutoka Alego, ng'ambo ya pili ya ghuba, wakakaribishwa na wenyeji wa Karachuonyo. Katika mila za Waluo, mtu wa aina hiyo huitwa jadak. Jadak hupewa mahali pa kujenga na pa kulima, huoa na kuoza, huzika na kuzaa, lakini ardhi haiwi yake. Siku ugomvi ukizuka, hukumbushwa alikotoka. Msomaji na aliweke neno hili moyoni, kwani ndilo lililokuja kuyageuza maisha ya Onyango.

Tangu utotoni inasemekana alikuwa mtu wa kutotulia na wa kupenda kujua. Wamisionari Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu, mwaka 1906. Onyango alijifunza kusoma na kuandika wakati ambapo wengi wa rika lake hawakuona maana ya kazi hiyo. Masimulizi ya ukoo yanasema alitoweka kwa muda mrefu, kisha akarudi nyumbani amevaa suruali na shati, na watu wakamwepuka kwa kudhani amevaa hivyo ili kuficha ugonjwa au unajisi. Akaondoka tena. Vita vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, akawa miongoni mwa maelfu ya Waafrika waliotumikishwa na jeshi la Waingereza. (Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zilipata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo, lakini ni vijana wangapi wanaolijua hilo?) Baada ya vita alikaa Unguja kwa muda, na huko ndiko inakosemekana alisilimu na kuitwa Hussein.

Kisha akawa mpishi wa Wazungu. Kuhusu miaka hiyo tunao ushahidi wa nadra sana: kijitabu cha mtumishi wa nyumbani, kilichotolewa chini ya sheria ya mwaka 1928, ambacho ukoo ulikihifadhi na mjukuu akakieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995. Walimu wa historia wangefaa kukitumia kijitabu hicho darasani. Humo kimo kimo chake, rangi yake, umbo la pua yake, na nywele zake, kana kwamba ni ng'ombe apelekwaye mnadani. Mahali pa makazi yake asipokuwa kazini pameandikwa Kisumu. Kwa karani, jina hilo lilitosha kwa Mjaluo yeyote. Penye alama za kikabila pameandikwa kwamba hana. Penye meno pameandikwa kwamba sita hayapo. Karani hakujua, au hakujali, kwamba kung'olewa meno sita ya chini ndiyo hasa iliyokuwa alama ya Mjaluo aliyekwisha kutiwa utu uzima. Aliandika pengo mahali palipokuwa na kitambulisho.

Kurasa zinazofuata ni maoni ya mabwana. Mmoja anasifu bidii yake, mwingine keki na vitobosha vyake, na mwingine anaona kwamba hastahili hata shilingi 60 kwa mwezi. Mambo hayo yote aliyabeba mfukoni, kwa kuwa bila kijitabu hicho asingeajiriwa. Naye alijua kusoma. Hilo ndilo linalonisumbua mimi.

Wakati wa Vita vya Pili alichukuliwa tena, akafika hadi Burma akiwa mpishi wa ofisa wa jeshi. Ila kati ya safari na safari alikuwa akijenga nyumbani, na hapa inatubidi tuseme ukweli usiopendeza. Onyango alikuwa mtu mkali kupindukia. Usafi ulikuwa kama ibada kwake: mgeni na ajifute miguu, mtoto na anawe, chombo na kirudi mahali pake. Aliyekosea alichapwa. Wanawake kadhaa aliowaoa walishindwa na hali hiyo wakaenda zao. Mke wake wa kwanza aliyedumu, Helima, hakujaliwa watoto. Wa pili alikuwa Akumu, aliyeitwa Habiba baada ya ndoa. Inasimuliwa kwamba Onyango alimwona njiani akiwa amebeba kikapu cha samaki, na ingawa baba yake alikwisha kumwahidi mwanamume mwingine, alimshawishi baba kwa ng'ombe 15. Akumu mwenyewe alikamatwa na rafiki za Onyango, akapelekwa kwa nguvu. Alizaa watoto watatu: Sarah, Barack, na Auma. Wa tatu kati ya wake hao alikuwa Sarah Ogwel, yule ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama Mama Sarah.

Huko Kendu, Onyango hakuelewana na utawala wa chifu, na katika kurushiana maneno akaitwa jadak. Mtu aliyevuka bahari, aliyesoma vitabu vya mapishi vya Wazungu na kuzunguka nusu ya dunia, anaambiwa kwamba hapo alipozaliwa si kwao! Akaamua kurudi Alego, kwenye ardhi ya babu zake, mahali paitwapo Nyang'oma Kogelo. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1940, naye alikuwa na umri wa karibu miaka 50, umri ambao wengine huanza kupumzika. Kogelo wakati huo palikuwa msitu mtupu kwa mujibu wa Mama Sarah. Akafyeka. Alitumia maarifa ya kilimo aliyoyaona kwa Wazungu, na inasemekana hata mwaka haukuisha kabla hajapata mazao ya kuuza. Akapanda miembe, migomba na mipapai. Alijua pia mitishamba, na wagonjwa walimjia.

Wanaodhani kwamba hili la kurudi kwa babu zako ni jambo dogo na wakumbuke kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, na nchi nzima ikabishana hadi Mei 1987, alipozikwa Nyalgunga, katika Alego hiyo hiyo. Kwa Waluo nyumba ya mjini ni ot; kwenu ni dala. Unaweza kuwa na jumba hapa Milimani, na bado siku ya msiba utaulizwa dala liko wapi.

Lakini dala la Onyango lilikuwa na gharama, na hakuilipa peke yake. Akumu, aliyeng'olewa kutoka kwa ndugu zake huko Kendu, hakustahimili. Usiku mmoja alitoroka, akawaacha watoto. Baadaye Sarah, aliyekuwa na umri wa miaka kama 12, alimshika mkono mdogo wake Barack, wakaondoka kumfuata mama. Ghuba yote ya Winam ilikuwa kati yao na Kendu. Walitembea karibu wiki mbili, wakilala porini na kuombaomba chakula, mpaka wakaokotwa na kurudishwa kwa baba. Waliobaki kulelewa hapo walilelewa na Mama Sarah.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba ukali wa wazee wa zamani ndio uliotoa watu maarufu. Sikubaliani nao. Barack yule mtoto alikuwa na kipaji, akasoma Maseno na kufukuzwa, kisha mwaka 1959 akaenda Chuo Kikuu cha Hawaii na hatimaye Harvard. Alirudi akiwa mwanauchumi hodari, na pia mume asiyeweza kutulia na baba asiyeonekana na watoto wake, hadi ajali ya gari ilipomuua mwaka 1982. Nani atakayetuambia ni sehemu gani ya maisha hayo ilitokana na kiboko cha mzee, na ipi ilitokana na zile wiki mbili za njiani? Miembe ya Kogelo ni kazi ya mikono ya Onyango, na machozi ya Akumu nayo ni kazi yake. Mwanafunzi na ayasome yote mawili.

Iko habari nyingine, kwamba karibu mwaka 1949 Waingereza walimfunga na kumtesa kwa kushukiwa siasa. Mama Sarah aliisimulia. Waandishi waliochunguza nyaraka wameitilia shaka. Siwezi kuamua kati yao. Nasema tu kwamba serikali iliyohesabu meno yake haikuwa na desturi ya kuandika kila ilichowatendea watu wake.

Mzee alizikwa Kogelo, na mwanawe akaja kulazwa katika boma hilo hilo. Mama Sarah aliendelea kukaa hapo, akiwatunza yatima na kuwapokea wageni kutoka kila pembe ya dunia. Alifariki katika hospitali moja hapa Kisumu tarehe 29 Machi 2021, akiwa na umri wa miaka 99. Kesho yake, kwa taratibu za Kiislamu, alirudishwa Kogelo kuzikwa.