MTAKATIFU JEAN-BAPTISTE DE LA SALLE, MSIMAMIZI WA WALIMU

Katika kurasa zetu hizi za Kiswahili nimesoma habari za wafalme, za majemadari na za wavumbuzi. Leo nataka kuwaeleza maisha ya mwalimu. Lakini kwanza yanipasa kukiri kosa langu, maana ndilo lililonifikisha kwake.

Likizo iliyopita mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi ya parokia yetu aliugua, nami nikaombwa nishike darasa lake kwa muda wa majuma mawili. Nilikwenda na kiburi changu. Nilidhani mtu wa kidato cha sita hawezi kushindwa na watoto wa miaka minane. Siku ya tatu mtoto mmoja alisinzia wakati nikiandika ubaoni. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, nao wakamcheka. Mchana mpishi wa shule, mama mtu mzima, aliniita kando akaniarifu kwamba mtoto yule alikuwa hajala tangu adhuhuri ya jana yake. Mpishi alijua. Mlinzi wa lango naye alijua. Mimi mwalimu wake ndiye niliyekuwa sijui. Jioni mwalimu mkuu hakunigombeza. Alinipa kitabu chembamba chenye maisha ya mtakatifu huyu, akaenda zake.

Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa tarehe 30 Aprili, 1651, katika mji wa Reims, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mtu wa sheria, nao walikuwa watu wenye mali na jina. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza. Alipokuwa na umri wa miaka 15 tu alifanywa kanoni, yaani mmoja wa watu wa baraza la kanisa kuu la mji, cheo chenye heshima na mapato mengi. Baadaye alikwenda Paris kusoma katika seminari ya Saint-Sulpice, lakini mama yake alifariki mwaka 1671, na baba yake mwaka 1672. Kijana huyo wa miaka 20 akarudi nyumbani kuwalea wadogo zake. Hata hivyo hakuacha masomo, akapewa upadre mwaka 1678.

Mpaka hapo hakuna jambo linaloonyesha kwamba angekuwa mwalimu. Mwaka 1679 alifika Reims mtu mmoja jina lake Adrien Nyel, ambaye alitaka kufungua shule za bure kwa wavulana maskini. De La Salle alimsaidia kama mtu mwema anavyomsaidia mgeni. Shule ya kwanza ilifunguliwa mwaka huo huo katika parokia ya Saint-Maurice. Lakini Nyel alikuwa mwepesi wa kuanza jambo, mzito wa kulitunza. Mara alikuwa amekwenda kufungua shule nyingine, na walimu wakabaki bila kiongozi. Walikuwa vijana wenye elimu ndogo na mshahara haba, na wengi wao hawakujua hata namna ya kunyamazisha darasa.

De La Salle aliwaonea huruma. Kwanza aliwaita wale chakula nyumbani kwake. Kisha, mwaka 1681, aliwaleta wakae pamoja naye. Jamaa zake walikasirika mno. Mtu wa cheo chake kuketi meza moja na walimu wa watoto maskini ilikuwa aibu kwa ukoo mzima. Tena yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba hapo mwanzo aliwahesabu walimu hao kuwa chini ya mtumishi wake wa nyumbani. Nilipofika hapo katika kitabu nilikifunika kwa muda, maana nilijiona mimi. Mwaka 1682 aliiacha nyumba ya wazazi wake, akahamia pamoja na walimu katika nyumba ya kupanga.

Sasa nawaeleza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha maisha yake. Walimu walianza kuwa na wasiwasi. Walijiuliza watakula nini shule zikifungwa, au watakapozeeka. De La Salle akawahubiria wamtumaini Mungu. Nao wakamjibu waziwazi kwamba ni rahisi kwake kusema hivyo, kwa kuwa anao ukanoni na mali ya baba yake, ilhali wao hawana kitu. Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtu mwingine angewafukuza kwa utovu wa adabu. Yeye aliona kwamba wamesema kweli. Mwaka 1683 aliuacha ukanoni wake, tena hakumpa ndugu yake bali padre maskini. Na njaa kubwa ilipoingia, aligawa mali yake kwa kuwapa watu mkate, hata akabaki sawa na walimu wake. Tangu siku hiyo alipowaambia wavumilie, hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo. Katika shirika hilo aliweka sharti la ajabu: bruda asiwe padre. Alitaka kazi ya kufundisha iwe wito kamili, wala isiwe ngazi ya kupandia kwenye cheo kingine. Aliwakataza walimu kupokea malipo au zawadi kwa wanafunzi na kwa wazazi wao. Kadhalika, katika miaka hiyo ya 1680, alifungua mjini Reims nyumba ya kuwafunza vijana ualimu wa shule za vijijini.

Tazameni na mpango wake wa shule, ambao yeye na mabruda waliuandika katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1720. Zamani zile mwalimu alizoea kumwita mtoto mmoja mmoja mezani kwake, na wengine wote wakikaa bure. De La Salle aliwapanga watoto kwa kadiri ya ujuzi wao, wakafundishwa pamoja. Desturi ilikuwa kuanza kusoma kwa Kilatini, yeye akaagiza waanze kwa Kifaransa, lugha waliyoisema nyumbani. Sisi tulioanza kusoma kwa lugha za mama zetu, faida yake twaijua.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Mkaguzi aliwazungukia walimu na kuwasaidia. Mwalimu mzoefu alimlea mwalimu mpya. Mwalimu wa darasa alisema maneno machache, akaongoza kwa chombo kidogo cha mkononi kilichotoa mlio, ili sauti yake isichoke na watoto wasizoee makelele. Watoto nao walipewa kazi: mmoja alianzisha sala, mmoja alipiga kengele, mwingine alitunza ufunguo, mwingine aligawa karatasi, mwingine alifagia. Wako waliotumwa majumbani kuwatazama wenzao waliokosa kuja. Mtoto asipoonekana, ilipasa ijulikane kwanza sababu yake, kwa maana mara nyingi ilikuwa umaskini wa wazazi. Fimbo ilikuwapo, kama ilivyokuwa katika shule zote za wakati ule, lakini aliizungushia masharti mengi. Alikataza kabisa makofi na majina ya matusi. Mwalimu aliyeadhibu kila mara alihesabiwa kuwa hajui kazi yake.

Msidhani kwamba watu walimshangilia. Mwaka 1688 alifungua shule mjini Paris, na walimu wa kuandika waliofundisha kwa malipo wakamshtaki mahakamani mara kwa mara, kwa sababu shule zake za bure ziliwapunguzia wateja. Baadhi ya mabruda walikufa, wengine waliondoka. Mwaka 1691 kazi ilikuwa karibu kuanguka. Ndipo yeye na mabruda wawili, Nicolas Vuyart na Gabriel Drolin, walipoweka nadhiri ya siri kwamba hawataziacha shule hizo, hata wakibaki wao watatu tu, hata ikiwapasa kuomba na kuishi kwa mkate mtupu.

Miaka ilivyozidi, mashaka yalimchosha. Alikwenda kusini mwa Ufaransa akidhani kwamba yeye ndiye kizuizi kwa kazi yake mwenyewe. Huko Grenoble bruda mmoja alisafiri, na De La Salle, mzee wa miaka zaidi ya 60 na mwanzilishi wa shirika zima, akaingia darasani kufundisha watoto wadogo mpaka mwenye darasa aliporudi. Tarehe 1 Aprili, 1714, mabruda walimwandikia barua ya kumwamuru arudi kuwaongoza, wakimkumbusha kwamba aliahidi kulitii shirika. Akatii. Mwaka 1717 walimchagua Bruda Barthélemy kushika mahali pake, naye akaishi chini yake kama bruda wa mwisho, akiomba ruhusa hata kwa mambo madogo. Alifariki Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili, 1719, huko Saint-Yon, katika mji wa Rouen. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1900, na mwaka 1950 Papa Pius XII alimfanya msimamizi wa walimu wote.

Nilikimaliza kitabu usiku wa manane. Kesho yake nilimwomba yule mtoto radhi mbele ya wale wale waliomcheka, kisha nikamwomba mpishi anifundishe majina ya watoto ambao huja shuleni bila kula. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Mpishi yule hana cheti wala chaki, lakini katika majuma yale alikuwa mkaguzi wangu, na yule mlinzi wa lango alikuwa mwalimu wangu wa pili.

Mwaka huu yanipasa kuchagua nitakachosomea. Baba mdogo, ambaye amenilipia karo, anataka niwe mwanasheria, na rafiki zangu hucheka nikitaja ualimu wa shule ya msingi. Kazi yenyewe haina mali, sikatai. Baba mdogo bado sijamjibu, nami naogopa kumhuzunisha. Lakini karatasi ya kuomba nafasi katika chuo cha ualimu nimekwisha kuijaza, imo ndani ya kitabu kile chembamba, nami nitamwonyesha likizo hii.

Nanyi kaka zetu ambao sasa mnafundisha katika shule ndogo za vijijini, tuliwasahau kuwahesabu miongoni mwa wakubwa waliotoka hapa. Mtusamehe.