Bwana Nyoka na Ndoo Yetu ya Lita 20

Mvua za masika zikianza, simu yangu haipoi. Saa nne usiku anapiga mlinzi wa geti la nyuma: kuna nyoka kwenye mtaro. Saa tano wanapiga wadada wa ghorofa ya chini: kuna kitu kimejikunja bafuni na hakuna anayethubutu kuwasha taa. Basi mimi na wenzangu sita tunavaa buti, tunachukua tochi, koleo refu la kukamatia na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko uliotobolewa matundu, tunakwenda. Hatulipwi. Nyoka akishaingia kwenye ndoo anapelekwa kwa mwalimu wetu wa zuolojia, ambaye ndiye aliyetufundisha kazi hii na ndiye mwenye neno la mwisho. Akishamtambua, nyoka anarudishwa porini mbali na mabweni. Kobe, kenge na vyura wanaoangukia mashimo ya ujenzi nao tunawaokota. Jumamosi moja kila mwezi tunakwenda shule ya msingi ya jirani kuwaonyesha watoto kwamba kinyonga hana sumu na mjusi wa ukutani haleti mkosi.

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha kulipa kundi letu jina. Nilidhani ni jambo la dakika tano. Karibu wote tulikuwa na jina moja kichwani: Ionides, yule mzungu wa Liwale aliyeitwa Bwana Nyoka. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshachora hadi fulana. Ndipo dada mmoja wa mwaka wa pili, ambaye kwao ni Liwale, akasema kwamba fulana hiyo yeye hataivaa. Bibi yake mzaa baba alihamishwa kijijini kwao akiwa mtoto mdogo, na jina la mzungu huyo kwao halitajwi kwa kicheko.

Kikao kikanyamaza. Ikaamuliwa mtu mmoja akasome maisha ya huyo mtu vizuri kisha aje aeleze, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nashabikia zaidi, kazi ikaniangukia. Haya ndiyo niliyowaeleza.

Constantine John Philip Ionides alizaliwa Uingereza mwaka 1901. Jina lake ni la Kigiriki kwa sababu ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara wa Kigiriki waliohamia huko vizazi kadhaa kabla yake. Tangu utotoni alipenda kunasa wanyama kuliko kukaa darasani. Alipitia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akatumikia jeshi India, kisha katikati ya miaka ya 1920 akaomba kuja Tanganyika katika kikosi cha King's African Rifles, kile ambacho wazee wetu walikiita Keya. Hakuja kwa mapenzi ya jeshi. Alikuja kwa sababu huku kulikuwa na tembo.

Hapa ndipo fulana yetu ilipoanza kuingia doa. Baada ya kuacha jeshi, Ionides alikuwa jangili. Aliua tembo kwa ajili ya pembe, wengine akiwafuata hadi upande wa Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji, na jambo hilo alilieleza mwenyewe bila kuona aibu katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1965. Baadaye akawa anawaongoza matajiri wa Ulaya kwenye uwindaji. Mwaka 1933 akaajiriwa na Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika. Yaani mwizi wa pembe akapewa funguo za ghala. La kushangaza ni kwamba ghala hilo alililinda kweli.

Alipangiwa kusini, na Liwale ikawa makazi yake kwa miaka mingi. Kazi ya bwana nyama wa zama hizo ilikuwa na pande mbili. Tembo wakiingia mashambani, anaitwa. Simba akianza kula watu, anaitwa. Alitembea kwa miguu wiki kwa wiki, akiwa na wapagazi na askari wa pori, katika nchi ambayo ramani zake zilikuwa na nafasi nyeupe nyingi. Waliomfahamu walieleza mtu aliyevaa nguo zilizochakaa, asiyejali chakula wala starehe, asiyeoa, mvutaji mkubwa wa sigara, na mwenye maneno makali kwa yeyote aliyemchosha.

Upande wa pili wa kazi yake ndio ulioibadilisha ramani. Pori la Akiba la Selous lilikuwepo kabla yake, likiwa na jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917. Lakini lilikuwa dogo kulinganisha na lile tulilosoma shuleni. Ionides alishika bango kwamba lipanuliwe, na likapanuliwa mpaka hatimaye likafikia takriban kilomita za mraba 50,000. Mwaka 1982 likaingizwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtalii anayepiga picha mto Rufiji leo anafaidi, kwa kiasi fulani, ubishi wa mtu huyu.

Sasa, ardhi hiyo haikuwa tupu. Wangindo na majirani zao waliishi humo, ingawa vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata vilikuwa vimeshawapunguza sana. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kwa maelfu na kuwakusanya katika vijiji vikubwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Ugonjwa ulikuwepo, hilo si uongo. Lakini Ionides aliona nafasi, akausukuma mpango huo, na nchi iliyoachwa ikaingia ndani ya mipaka ya pori. Watu waliacha mashamba, miti ya matunda na makaburi ya wazazi wao. Nilipofika hapa katika maelezo yangu, sikuweza kumtazama yule dada usoni. Alichokisema kikaoni kilikuwa ndicho kilichoandikwa vitabuni, tofauti tu ni kwamba kwenye vitabu nilivyosoma mimi kilichukua aya moja, na kwao kilichukua kijiji kizima.

Nyoka waliingia katika maisha yake ukubwani, wakayachukua yote. Kufikia miaka ya 1950 alipostaafu, hakurudi Uingereza kama wenzake. Alibaki kusini, akihama kati ya Liwale na uwanda wa Makonde, hasa Newala, ambako mikorosho na miembe ilikuwa na koboko wa kijani kwa wingi wa kutisha. Hapo ndipo jina la Bwana Nyoka lilipokomaa.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi, na ndiyo maana tuliokuwa kikaoni tulijiona ndani yake. Aliwatangazia watu kwamba yeyote anayemwona nyoka asimuue, bali abaki anamchunga kwa mbali na amtume mtu kumwita. Aliyeleta habari za kweli alipata malipo. Ionides alikwenda, mchana wa jua kali au mvua, akiwa na wasaidizi wake. Kwa koboko wa kijani aliye juu ya mkorosho alitumia koleo lililofungwa kwenye miti mirefu iliyounganishwa, akimfikia taratibu tawi kwa tawi. Kwa swila atemaye mate alivaa miwani. Mkulima alibaki na mkorosho wake, akaendelea kuokota korosho bila hofu, na nyoka akaondoka mzima.

Kwa yule kifutu mkubwa wa msituni, mwenye mgongo uliochorwa kama mkeka wa rangi na meno marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote mwenye sumu, alifanya jambo ambalo naomba msomaji usijaribu hata ukiwa umelewa. Alimgusa kichwani kwa koleo, taratibu, kupima hasira zake. Mara nyingi alikuta hana hasira. Basi aliweka koleo pembeni, akamshika shingo kwa mkono mmoja na kuubeba mwili kwa mkono wa pili, kama unavyombeba mtoto aliyelala. Alikuwa ameangalia nyoka kwa muda mrefu kiasi cha kujua jambo ambalo wengi wetu tunalikataa: nyoka hakuvizii. Anataka umpishe.

Hata hivyo aliumwa mara nyingi, na mikono yake ilibeba alama. Kujua kwake hakukumkinga na kuteleza.

Nyoka hao walikwenda wapi? Sikuwaficha wenzangu. Wengine walisafirishwa wakiwa hai kwenda kwenye bustani za wanyama na kwa watafiti wa sumu. Wengi waliishia kwenye chupa za makumbusho, yakiwemo ya Coryndon pale Nairobi. Kwa hiyo hakuwa mwokoaji kwa maana tunayoitumia sisi. Lakini sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu nyoka wa kusini mwa Tanzania, nani anaishi wapi na anakula nini, ilipita mikononi mwake. Yuko mtambaazi asiye na miguu, anayeishi chini ya udongo kama mnyoo na si nyoka, ambaye wanasayansi walimpa jina la Ionides mwaka 1950. Aliyempata ni wa Liwale. Majina ya wakulima waliokaa chini ya mti saa nzima wakimchungia koboko hayako kwenye jina la kisayansi la mnyama yeyote ninayemjua.

Mwisho wake ulikuwa wa pole pole. Mtu aliyekuwa akitembea nchi nzima kwa miguu, miguu ndiyo iliyomsaliti. Aliugua kwa miaka, akaendelea kwenda kwenye nyoka kadiri alivyoweza, na mwaka 1968 akafariki Nairobi. Alizikwa ndani ya Selous, katika mlima Nandanga, katikati ya pori alilolipigania. Yeye amelala ndani. Wale walioacha makaburi ya wazee wao humo walibaki nje.

Nilipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Jamaa wa fulana ndiye aliyeanza kusema, akauliza tufanye nini sasa na mtu ambaye alikuwa sahihi kuhusu nyoka na akakosea kuhusu watu. Tukabishana mpaka mlinzi akaja kufunga chumba.

Nitasema nilichosema mimi, kwa sababu msimamo wangu ulibadilika kule kule kikaoni. Mwaka jana tulipigiwa simu kutoka bweni moja, tukachelewa kwa dakika kumi hivi kwa sababu tulikuwa tunasubiriana. Tulipofika, nyoka alikuwa ameshapondwa kwa tofali. Alikuwa ukukwi, mwembamba, wa kijani, asiye na madhara kwa mtu. Niliwafokea wale vijana kweli kweli, nikawaita washamba. Mmoja wao akanijibu kwamba kwao mdogo wake alikufa kwa kuumwa na nyoka, hospitali ikiwa mbali. Sikuwa na la kusema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, wengi wakiwa watu wa vijijini kama huyo mtoto. Usiku ule mimi nilimwona nyoka tu. Mtu aliyesimama mbele yangu na tofali mkononi sikumwona. Niliposoma habari za Liwale niligundua kwamba kosa hilo ninalijua kwa ndani, ila mimi sikuwa na serikali nyuma yangu.

Kwa hiyo jina la Ionides hatukulichukua. Tumebaki bila jina, na simu zinaendelea kupigwa vile vile. Lakini tumechukua mambo mawili kutoka kwake. La kwanza, tunakwenda tukiitwa, mara moja, bila kusubiriana. Wawili wakitimia wanatosha kuanza. La pili, anayemchunga nyoka mpaka tufike anaandikwa kwenye daftari letu, jina lake kamili, iwe mlinzi, mama lishe au mwanafunzi. Yeye ndiye aliyemwokoa nyoka, sisi tumebeba ndoo tu. Yule dada wa Liwale ndiye anayeshika daftari hilo.

Na shuleni kwa watoto tumebadilisha mpangilio. Zamani tulianza na uzuri wa nyoka. Sasa tunaanza na mtu aliyeumwa: asichanje, asifunge kamba kwa kukaza, asinyonye sumu, atulie bila kutembeatembea na awahishwe hospitali. Aliyetemewa mate machoni aoshwe kwa maji mengi safi, kisha naye aende hospitali. Watoto wakishajua kwamba tunawajali wao kwanza, ndipo tunatoa kobe na kinyonga, na ndipo wanapouliza maswali.

Namba yetu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila bweni. Ukimwona nyoka, rudi nyuma hatua tano, mwangalie anakoelekea, tupigie. Na utuambie jina lako.