Joy Adamson: Brashi iliyookoa rangi za Wakenya

SIKU hizi programu ya simu huigeuza picha ya kawaida ikafanana na mchoro wa rangi za maji kwa sekunde chache. Joy Adamson, aliyeuawa Januari 3, 1980 katika Hifadhi ya Shaba, jirani na Ngaremara, Isiolo, alichora kwa mkono, uso baada ya uso.

Alizaliwa mwaka 1910 mjini Troppau, ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Cheki, akafika Kenya mwaka 1937. Alianza kwa kuchora maua, akihimizwa na mumewe wa pili, mtaalamu wa mimea Peter Bally. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, ofisa wa wanyamapori aliyekuwa na makao Isiolo.

Baadaye serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa makabila mbalimbali katika mavazi yao ya asili, ambayo yalikuwa yakianza kutoweka. Wakati huo picha nyingi za kamera zilikuwa nyeusi na nyeupe, hivyo rangi za shanga na udongo mwekundu hazikuonekana.

Dunia ilimfahamu zaidi kwa kitabu Born Free cha mwaka 1960, kinachosimulia maisha ya simba Elsa. Mfanyakazi wake wa zamani ndiye aliyepatikana na hatia ya kumuua.

Mamia ya michoro yake imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Programu inaweza kukisia rangi ya picha ya kale. Joy aliiona kwa macho yake.