Murumbi: Makamu wa Rais aliyeacha siasa akaokoa sanaa ya Afrika

MAELFU ya watu hupita kila siku mbele ya jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa katika barabara ya Moi Avenue, Nairobi, lakini ni wachache mno wanaoingia ndani. Wanaoingia hupokewa na sanamu, vinyago, vitambaa, mapambo na silaha za kale kutoka pembe nyingi za Afrika, hazina iliyokusanywa na mtu mmoja na mkewe.

Mtu huyo ni Joseph Murumbi, ambaye vitabu vya historia humtaja kwa ufupi kama Makamu wa pili wa Rais wa Kenya aliyedumu afisini kwa miezi michache tu. Hata hivyo, kazi aliyoifanya baada ya kuipa siasa kisogo ndiyo iliyodumu kuliko cheo hicho.

Murumbi alizaliwa 1911 huko Eldama Ravine. Babake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa, naye mamake alikuwa Mmaasai. Akiwa bado mtoto alipelekwa India kusoma na hakurejea hadi 1933, akiwa kijana aliyelazimika kujifunza upya nchi ya kuzaliwa kwake.

Alifanya kazi Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Uingereza kwa takriban miaka kumi, kisha akarudi nyumbani wakati joto la siasa lilikuwa limepanda. Jomo Kenyatta na viongozi wenzake wa chama cha KAU walipokamatwa Oktoba 1952, Murumbi alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki kukiongoza, akikaimu wadhifa wa Katibu Mkuu.

Mwaka uliofuata, serikali ya mkoloni ilipokuwa ikikaza kamba, alikimbilia uhamishoni na hatimaye akafika London. Huko alitetea uhuru wa makoloni ya Afrika, na huko ndiko alikoanza kununua vitabu vikuukuu kuhusu bara lake.

London pia ndiko alikokutana na Sheila, Mwingereza aliyekuwa mkutubi, ambaye baadaye alimwoa. Wawili hao walipenda kitu kimoja: kutafuta, kununua na kutunza chochote kilichosimulia habari za Afrika.

Murumbi alirejea Kenya 1962. Baada ya uhuru, alikuwa waziri katika afisi ya Waziri Mkuu, kisha akakabidhiwa Wizara ya Mashauri ya Kigeni. Alisaidia kuanzisha balozi za taifa changa ughaibuni, na kila aliposafiri alirudi na kinyago, kitambaa au kitabu.

Februari 1965, rafikiye wa karibu, mwanasiasa Pio Gama Pinto, alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake Nairobi. Kifo hicho kilimtia Murumbi simanzi ambayo haikumtoka.

Mnamo Mei 1966 aliteuliwa Makamu wa Rais, kufuatia kujiuzulu kwa Jaramogi Oginga Odinga. Kabla ya mwaka kwisha, naye alikuwa ameng'atuka. Sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa afya, ingawa waliomjua vyema waliamini kuwa alichoshwa na mkondo ambao serikali ilikuwa imeufuata tangu rafikiye auawe.

Wakati huo, wasanii Waafrika walikuwa na mahali pachache pa kuonyesha kazi zao jijini Nairobi. Elimo Njau na wenzake walikuwa wamefungua jumba la sanaa la Paa ya Paa 1965, lakini wanunuzi wengi wa sanaa walikuwa wageni, na kazi bora zilivuka bahari zisirudi tena.

Murumbi alitaka kuziba pengo hilo. Mnamo 1972 yeye, Sheila na Mmarekani Alan Donovan walianzisha jumba la African Heritage jijini Nairobi. Humo kazi za wachoraji na wachongaji wa kisasa ziliuzwa na kuonyeshwa bega kwa bega na vyombo vya jadi, na msanii wa Nigeria au Uganda akapata hadhira Kenya.

Nyumba yake mtaani Muthaiga nayo ilijaa. Mbali na kazi za sanaa, vitabu vyake vilivyochapishwa kabla ya 1900 pekee vilizidi 8,000, na alikuwa na mkusanyo mkubwa wa stempu za Afrika.

Wanunuzi wa ng'ambo waliimezea mate hazina hiyo. Murumbi aliwakatalia. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya nyumba pamoja na mikusanyo, kwa matumaini kwamba pale Muthaiga pangegeuzwa taasisi ya kusomea mambo ya Afrika.

Matumaini hayo yaliambulia patupu. Vitabu na sanaa vilihamishwa na kuhifadhiwa, lakini nyumba ilitelekezwa ikachakaa, na mwishowe ikabomolewa. Taasisi aliyoiota haikujengwa.

Murumbi alikuwa amehamia shamba lake la Intona, Transmara, ambako alipatwa na kiharusi. Aliishi miaka yake ya mwisho mwili ukiwa dhaifu, huku akijua yaliyoipata nyumba yake ya awali.

Alifariki Juni 1990 na kuzikwa katika bustani ya City Park, Nairobi, karibu na kaburi la Pinto. Sheila alizikwa kando yake baada ya kufariki mwaka wa 2000.

Hata huko kaburini hakupata utulivu, kwani wanyakuzi wa ardhi waliinyemelea bustani hiyo. Wapenzi wa sanaa walisimama kidete kuitetea, na leo sanamu za mawe na chuma zilizochongwa na wasanii aliowainua zimesimama kulizunguka kaburi lake.

Nyumba ya Muthaiga imetoweka, lakini vitu vilivyokuwa ndani vingali nchini. Mwanafunzi anayetaka kuviona hahitaji kupanda ndege kwenda Ulaya. Anahitaji tu kuvuka barabara.