Olowe wa Ise: Mchongaji aliyefufuliwa na kumbukumbu ya mkewe

Je, unamjua Olowe? British Museum ya London imehifadhi mlango wake wa mbao, wenye sanamu zilizotokeza mbele kana kwamba zinataka kukuamkua.

Olowe alikuwa Myoruba, kutoka nchi tunayoiita leo Nigeria. Alizaliwa Efon-Alaiye miaka ya 1870, akahamia Ise na kumtumikia mfalme wa huko, Arinjale. Ustadi wake ulivuma, wafalme wengine nao wakamwita.

Kati ya 1910 na 1914 alimchongea Ogoga, mfalme wa Ikere, mlango huo. Hebu utazame: mfalme ameketi ametulia tuli, huku ofisa Mwingereza akiletwa kwake kwa machela. Yaani mkoloni ndiye mgeni!

Mwaka 1924 mlango ulipelekwa London kwa maonyesho. Waingereza wakataka kuununua. Ogoga akakataa kuuza. Akakubali tu kubadilishana na kiti cha enzi kilichoundwa Uingereza. Olowe akachonga mlango mwingine.

Alifariki 1938. Sasa mbona tunamjua hivi? Wayoruba humsifu mtu kwa oriki, utungo unaotaja jina, asili na matendo yake. Mwaka 1988, miaka 50 baadaye, mjane wake Oluju-ifun bado alikuwa na oriki ya mumewe kichwani. Akaighani, watafiti wakairekodi.

Basi nyanyako akianza kusimulia ya kale, usimkatize. Simu si unayo? Mrekodi.