Odhiambo na Maadui wa Mahindi

Mafuriko yapunguapo, Wapokomo wa Garsen hupanda mahindi kandokando ya Mto Tana. Yavunwapo, fukusi nao huyavamia ghalani, na mkulima hukimbilia dukani kununua sumu ilhali mwarobaini umesimama uani pake. Naamini tungeuthamini mti huo lau tungemjua zaidi marehemu Profesa Thomas Odhiambo.

Alizaliwa mwaka 1931, akasoma Makerere, kisha Cambridge, alikohitimu shahada ya uzamifu mwaka 1965. Mwaka 1970 aliasisi jijini Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE. Zama hizo sumu za viwandani zilisifiwa kote. Yeye alishikilia kwamba mdudu achunguzwe kwanza maisha yake. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Miaka ya 1990 watafiti wa kituo hicho walishughulikia mwarobaini, ambao mbegu zake humfanya mdudu asusie chakula na ashindwe kujivua gamba. Huko Mbita wakapanda desmodiamu katikati ya mahindi iwafukuze nondo wa viwavi vya mabua, na matete pembeni yawavute.

Odhiambo alifariki mwaka 2003. Walimu wa Garsen, je, wanafunzi wenu wanamjua?